Mwaka Nilioacha Moto Uzime

Wiki mbili baada ya kumzika wifi yangu Nelima, mwanawe alikuja kwangu Kabiro bila kunipigia simu. Wafula ni mtu mzima sasa. Ana ndevu, ana kitambi kidogo, ana mke na watoto wawili, lakini siku hiyo aliingia ameinamisha kichwa kama mtu anayeingia wodini. Nilikuwa kwenye kona yangu ya kupikia, nataka kuweka chai. Meko yangu ya gesi ni ya kujiwasha: unabonyeza, inalia ta-ta-ta, moto unatokea. Wajukuu wangu huliona ni jambo la kawaida kama kufungua mfereji. Mimi bado husita kidogo kabla ya kubonyeza, na moto ukishatokea huutazama kwanza ndipo niweke sufuria. "Senge," akasema, maana ndivyo sisi Wabukusu tunavyomwita shangazi, "mama kabla hajatuacha aliniambia kuna kitu nikuulize. Alisema yeye hataweza kukisema." Nikamwuliza ni kitu gani. "Ile wiki nilizaliwa. Alisema tu, enda uulize Jerida. Eti sikuzaliwa peke yangu." Nikaizima ile gesi. Chai haikupikwa siku hiyo. Nilimweleza mpaka kiti kikaniumiza mgongo, na hata hivyo kuna mahali niliparuka. Haya ninayoyaandika ni yale niliyomwambia pamoja na yale niliyoyaruka.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na nilikuwa nimekuja kukaa na kaka yangu Wekesa na mkewe Nelima katika chumba chao cha Soweto West, Kibera. Chumba kilikuwa kimoja, kuta za udongo zilizopakwa simiti nyembamba, mabati juu, dirisha hakuna. Ukifunga mlango mchana, mlibaki mnapapasana. Kitanda chao kilikuwa nyuma ya pazia la maua. Mimi nililala kwenye godoro ambalo mchana liliviringishwa na kusukumwa uvunguni, pamoja na vipande vya mbao ambavyo kaka hakukubali kamwe vitupwe. Alikuwa seremala. Karakana yake ilikuwa Makina, mbele ya nyumba ya mama mmoja Mnubi aliyeitwa Mama Zuhura, na kwa sababu ya kazi ya kaka tulikuwa na viti vizuri kuliko ploti nzima na nguo zetu zote zilinuka vanishi. Tulikula ugali na sukuma, siku nyingine omena. Jioni tulikunywa chai ya turungi, isiyo na maziwa, tukiwa tumekaa miguu imegusana, kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine pa kuiweka, na Nelima alikuwa akicheka kwa sauti mpaka jirani wa ukuta wa kushoto anauliza, "Ni nini, mtuambie na sisi tucheke!"

Ploti ilikuwa na vyumba vinane vilivyotazamana, na katikati mtaro wa maji machafu. Stima haikuwa imefika safu yetu. Kila nyumba ilikuwa na kiberiti, lakini njiti haikuwashwa ovyo. Aliyeamka wa kwanza, mara nyingi Mama Brayo wa chumba cha mwisho, aliwasha jiko lake nje kwa njiti moja na karatasi ya plastiki, akalipepea kwa mfuniko mpaka makaa yakawa mekundu, na sisi wengine tukatoka mmoja mmoja na vifuniko na mikebe mizee. "Mama Brayo, niazime moto." Hakuna aliyesema nipe. Ulisema niazime, ingawa sikuwahi kuona mtu akirudisha. Mimi niliijua ploti ile kwa kutazama nani anaenda kwa jiko la nani. Mke wa fundi viatu akilipita jiko la Mama Brayo na kwenda kuomba la mbali, ulijua wamekosana, na kabla ya saa nne ungeyasikia yote kupitia ukutani. Mimi mwenyewe sikuwa hodari wa moto. Nilikuwa nikijaza makaa mengi mno na kuyakosesha hewa, na Nelima, aliyenizidi miaka mitano tu na aliyekuwa na mimba iliyomfanya atembee kwa kushika kiuno, alikuwa akinisukuma pembeni na kusema, "Toka hapo, Jerida. Wewe utaolewa na mtu wa kula mkate tu."

Fujo ilianza Jumatatu, katikati ya mvua. Siasa zake sizielezi; waliokuwepo wanazijua, na wasiokuwepo wameshaelezwa na watu wenye midomo kuliko mimi. Asubuhi hiyo kaka alikuwa ameondoka kupeleka kitanda cha mteja Kawangware. Kufikia saa saba barabara zilikuwa zimefungwa, maduka yote yamefunga milango, na moshi mweusi ulikuwa unapanda kutoka pande tatu. Nelima aliiweka redio karibu na sikio akisubiri kusikia Kawangware ikitajwa, na aliisikiliza mpaka betri zikaisha. Nje tulisikia kufuli zikifungwa, moja baada ya nyingine. Watu walikuwa wanaenda kwa ndugu zao, popote ambapo jina lao lingekuwa salama. Sisi hatukuwa na pa kwenda bila kaka. Alasiri hiyo, Nelima akiwa amesimama mlangoni akitazama watu wakibeba magodoro, maji yake yakavunjika. Ilikuwa imebaki kama miezi miwili.

Mama Brayo ndiye aliyezalisha. Hakuwa mkunga, alikuwa amezaa watano na kuona mengi. Kiza kilipoanza kuingia akatoka mvulana, na tulipodhani tumemaliza, Nelima akapiga kelele tena na akatoka msichana. Wote wawili ungewabeba kwenye viganja. Mvulana alilia kwa sauti kama ya paka. Msichana hakulia, alifungua mdomo tu na kuufunga. Mama Brayo aliwafuta, akamweka mvulana kwenye kifua kitupu cha mama yake, kisha akanigeukia mimi. "Vua blauzi."

"Mimi?"

"Kwani kuna mwingine hapa? Huyu akikaa kwa hewa ataenda. Mfunge kwa kifua, ngozi kwa ngozi, vaa sweta juu. Usimtoe."

Hivyo ndivyo nilivyokuwa na mtoto. Alifungwa kwa leso kati ya matiti yangu, na kilichobaki kwangu ni kusikia pumzi zake, ambazo zilikuwa kama mtu anayekuna kitambaa kwa ukucha mbali sana. Asubuhi mume wa Mama Brayo alikuja kumchukua yeye na watoto wao, amesimama na mapanga mawili na hasira ya mtu aliyeogopa. Mama Brayo alilia, lakini akaenda. Kabla ya kuondoka alibeba jiko lake lililowaka akaliweka mlangoni petu. "Moto huu usizime," akaniambia. "Chemsha maji, tia kwa chupa, funga na nguo, weka karibu na hao watoto. Huyu mama naye apate uji wa moto maziwa yashuke. Joto, Jerida. Kama hujui kingine chochote, joto." Makaa tulikuwa nayo, nusu gunia. Unga tulikuwa nao. Ploti nzima ikabaki sisi na mvua.

Nililala. Sina namna nyingine ya kulisema. Mchana wa siku hiyo ya pili nilikaa kwenye kiti kando ya jiko, nimefungwa yule mtoto, nikajiambia nafumba macho kidogo tu. Nilikuwa sijalala tangu juzi yake. Nilipoamka jiko lilikuwa jivu, hata kwa kuchokora hapakuwa na chembe nyekundu. Nikasema si neno, kiberiti kipo. Kiberiti nilikuwa nimekiweka mimi mwenyewe mezani, chini ya tundu la mabati, na kilikuwa kimelowa mpaka njiti zimeshikana na vichwa vyake vimekuwa rojorojo. Nilizipangusa, nikazipuliza, nikaziweka kwapani zikauke. Nilizikwangua moja moja na kila moja ilichora mstari wa hudhurungi kwenye ubavu wa boksi ikakatika. Nelima alikuwa ananitazama kutoka kitandani.

"Umezima?"

"Umezima."

Alifumba macho. Hakunigombeza, na mpaka leo ningependa angenigombeza. Nilitoka nikabisha kila mlango wa ploti, hata ile niliyoiona kufuli yake kwa macho yangu. Nikabisha ploti ya pili na ya tatu. Mzee mmoja alinijibu kutoka ndani bila kufungua kwamba hata yeye anakula unga uliokorogwa na maji baridi.

Siku ya tatu asubuhi nilichukua mkebe wa mafuta ya kupikia, nikautoboa matundu kwa msumari na kuufunga waya wa kushikia, nikaenda Makina kwa miguu na mtoto kifuani. Njia ambayo siku nyingine ilinichukua nusu saa ilinichukua karibu asubuhi nzima, maana niliingia kila kichochoro nilipoona kundi. Kitu ninachokumbuka zaidi ni kwamba moto ulikuwa kila mahali. Matairi yalikuwa yanawaka barabarani. Kibanda kilikuwa kinawaka na hakuna aliyekitazama. Nilipita katikati ya moto wote huo nikiwa natafuta moto.

Mama Zuhura alinifungulia geti baada ya kuuliza jina mara mbili. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, na nyumba yake ilikuwa imejaa jamaa waliokimbilia kwake, wamekaa kwenye mikeka hadi ukumbini. Kaka yangu hakuwa amerudi. "Yuko Kawangware, mwanangu. Kuna mtu amemwona yuko mzima. Njia ndiyo hana." Nikamfungulia sweta akamwona mtoto, nikamweleza habari za pacha na mama yao, akasema Bismillahi na kunikalisha karibu na seredani yake ya makaa. Nikamwomba kiberiti. "Kiberiti hata mimi sina. Maduka yamefungwa tangu Jumatatu, na unaona watu nilio nao. Huu moto naufukia kwa jivu kila jioni na kuufukua asubuhi." Alinipa kikombe cha uji wa tangawizi, akanipakulia makaa matano makubwa kwenye mkebe na kuyafunika kwa jivu. Kisha akanishika mkono. "Kaa hapa na huyu. Hapa kuna joto. Mvua itakuua njiani, na yeye."

"Na Nelima?"

"Nelima ana wa kwake. Kaa na huyu mmoja."

Hapa ndipo niliporuka nilipokuwa nikimsimulia Wafula. Kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa wa kwake Nelima. Yeye na mama yake walikuwa peke yao katika kile chumba, mlango umeegeshwa, na mama hakuweza kusimama bila kutoka damu. Kama ningekaa Makina, huenda msichana angeishi, na huenda ningerudi kuwakuta wawili wengine wamekufa. Nimepima jambo hili kwa miaka zaidi ya thelathini na mizani haijawahi kutulia. Siku ile sikupima chochote. Nilisimama tu, nikasema lazima nirudi, na Mama Zuhura akanifunga plastiki kichwani na kuniombea dua mpaka nikatoka getini.

Kwenye reli niliyopaswa kuvuka kurudi kwetu walikuwa vijana kama kumi na watano, wameweka mawe na tairi linalowaka. Mmoja wao nilimfahamu. Aliitwa Toni, alikuwa akitusukumia maji kwa mkokoteni, na asubuhi alikuwa akinisalimia "Sasa, Jeri" kabla sijamwambia nataka mitungi mingapi. Yule aliyekuwa mbele alinyoosha kidole. "Wewe sista, umebeba nini?"

"Makaa. Ni ya kupika uji. Niko na mtoto mchanga."

"Fungua tuone."

Nikafungua mkebe. Nikafungua na sweta, kwa kuwa nilidhani wakimwona itatosha. Walimwona. Mmoja alirudi nyuma na kusema, "Woi, ni mdogo aje!" Yule wa mbele alitazama kisha akatazama upande wa pili wa reli, ambako safu nzima ya nyumba ilikuwa imebaki mabati yaliyokunjamana. "Juzi kuna mtu alipita hapa na mkebe kama huu," akasema, na hakuwa anapiga kelele. "Alituambia ni ya kupika pia. Mtoi tumemwona. Moto ndio hatuwezi kukuachia."

"Basi nipatieni kiberiti."

"Hatuna."

"Basi nitawasha kwa hilo tairi nikiwa upande ule."

"Sista, hakuna moto inavuka hii reli leo."

Akauchukua mkebe mkononi mwangu, taratibu kabisa, akayamwaga makaa kwenye dimbwi. Yalitoa sauti na moshi kidogo mweupe. Nilimtazama Toni. Toni alikuwa anatazama viatu vyake. "Enda nyumbani, unanyeshewa na mtoto," yule wa mbele akaniambia, na naamini kwa moyo wake alidhani amenitendea wema kuniacha nipite. Nilivuka reli. Sikulia wala sikutukana. Nilienda kama mtu aliyetumwa kitu dukani akakikosa.

Siku ya nne asubuhi Mzee Ekai alirudi. Alikuwa Mturkana, soja, yaani mlinzi, wa duka moja la vifaa vya ujenzi, na chumba chake kilitazamana na chetu. Alikuwa ameshinda kwenye lile duka tangu Jumatatu, na jiwe lilikuwa limempiga kwenye kifundo cha mkono wa kulia; mkono ulikuwa umevimba, ameufunga kwa kitambaa cha shati. Kiberiti chake alikuwa amekimaliza kwa kuvuta sigara za woga, alisema hivyo mwenyewe. Nilipomweleza hali yetu aliniuliza kama kaka yangu ana mbao kavu. Nikamtolea kile kifurushi cha uvunguni. Alivigusa vipande vyote kwa shavu lake, akachagua kimoja cha saiprasi, chepesi, kikavu kabisa. Kutoka chumbani kwake akaleta kijiti kirefu, mmoja wa miswaki ya mti aliyokuwa akiletewa kutoka kwao, kilichokauka mwaka mzima. Alinielekeza nitoboe ubao kishimo kwa kisu, na kando ya kishimo nikate pengo dogo. Shuleni mwalimu wa Kiswahili alitufundisha kwamba kile kijiti huitwa ulindi na ule ubao uwimbombo, na kuvizungusha ni kupekecha. Tuliyakariri kwa ajili ya mtihani. Sikujua kwamba ni vitu vya kushikwa.

"Mimi ningewasha sasa hivi," Mzee Ekai akasema, akiutazama ule mkono wake kama mbwa aliyemuuma. "Nikiwa mdogo, kuchunga mbuzi, hii ilikuwa kazi ya dakika mbili. Lakini hii mkono imekataa. Utafanya wewe."

"Nina mtoto kifuani."

"Hapana, mtoe. Utainama. Utamponda."

Nikaingia ndani. Nelima alikuwa amelala na mvulana, macho wazi, midomo imekauka. Maziwa yalikuwa matone, na yale matone tulikuwa tukiwapa kwa kijiko. Msichana alikuwa ameacha kuyameza tangu jana jioni, yalimtoka pembeni mwa mdomo. "Nelima, mshike kidogo. Mzee anajua kuwasha moto kwa kijiti." Alifungua leso yake, nami nikamlaza msichana hapo kifuani, ubavu kwa ubavu na ndugu yake, nikawafunika kwa kila kitu kilichokuwa kikavu. "Usikawie," Nelima akasema.

Tulikaa kwenye kizingiti, chini ya ukingo wa mabati. Mzee Ekai aliukanyaga ubao kwa mguu wake. Chini ya lile pengo niliweka kipande cha mfuniko, na pembeni pamba niliyoitoa kwenye mto na nyuzi za gunia la makaa nilizozifumua mpaka zikawa kama nywele. Kisha nikaweka kijiti kishimoni, viganja viwili, na kuanza kukisugua, mikono ikishuka mpaka chini, naikimbiza juu, inashuka tena. "Usibonyeze! Zungusha!" Nikazungusha. "Sasa bonyeza! Unapapasa nini?" Mara ya kwanza kijiti kiliruka kikapotea topeni. Alikitafuta kwa mkono mzima, akakipangusa kwenye kifua chake. Mara ya pili kishimo kikawa cheusi, kukatoka harufu ya kuungua, kisha uzi wa moshi. Nililia kwa furaha, na jasho la paji la uso wangu likadondokea palepale pengoni. Mzee Ekai alisema neno la kwao ambalo sikuhitaji kutafsiriwa. "Toboa kishimo kingine," akasema.

Malengelenge yalitoka, yakapasuka, na kijiti kikawa kinateleza kwa majimaji yake. Nilikuwa nikijisemea kwamba kila mzunguko ni wa yule mtoto. Nilikuwa nikisikiliza ndani na sikusikia kitu, na nikauchukua ule ukimya kuwa ni usingizi. Sijui ilichukua muda gani. Mvua ilisimama ikaanza tena. Mahali fulani mikono ikaacha kuuma na ikawa mikono ya mtu mwingine, na unga mweusi ukaanza kumwagika kutoka pengoni hadi kwenye mfuniko, na Mzee Ekai akanishika bega. "Wacha. Wacha! Angalia." Niliacha, na ule unga ukaendelea kutoa moshi wenyewe. Aliuchukua kwa kisu, akaulaza kwenye pamba kama mtu anayemlaza mgonjwa, akaniambia nipulize, lakini si kama mshumaa, kama mtu anayesema hooo. Nikapuliza. Ndani ya pamba kukawa na jicho jekundu, jicho likawa mdomo, na ghafla nilikuwa nimeshika moto mkononi.

"Umewaka!" nikapaza sauti. "Nelima! Umewaka!"

Hakujibu. Tuliulisha ule moto vijiti, vipande vya mbao za kaka, kisha makaa, mpaka jiko likashika. Nilibandika sufuria ya maji nikalibeba jiko hadi ndani, na mwanga wake ukaingia pamoja nami. Nelima alikuwa amekaa, mgongo umeegemea ukuta. Mvulana alikuwa ananyonya, kwa mara ya kwanza ananyonya kweli, na msichana alikuwa pembeni yake.

"Jerida," akasema, "huyu amenyamaza."

"Amelala."

"Hapana. Amenyamaza."

Nilimchukua. Bado alikuwa na joto, lakini lilikuwa joto la mama yake na ndugu yake, si lake. Nilimwingiza tena ndani ya sweta yangu, ngozi kwa ngozi, nikakaa naye karibu na jiko na kumsugua mgongo kwa viganja vyangu vilivyochunika, na Nelima hakunizuia. Maji yakachemka. Mzee Ekai alikuja hadi mlangoni, akaona, akarudi kukaa kwenye kizingiti mgongo kwetu. Kisha Nelima akasema tutumie yale maji kumwosha. Tulichanganya na ya baridi, tukayajaribu kwa kiwiko kama yatamchoma. Ndiyo, tuliyajaribu. Hapo ndipo nilipouona uso wake kwa mara ya kwanza sawasawa, maana siku zote tatu alikuwa gizani au ndani ya nguo. Alikuwa na manyoya laini kwenye masikio, na nyusi nyembamba sana, kama zilizochorwa na mtu mwenye haraka. Tulipomaliza nikabandika maji mengine, nikapika uji. Nelima alikunywa vikombe viwili huku machozi yanaingia kikombeni. Nikajaza chupa na kuziweka pande zote za mvulana. Kila kitu alichoagiza Mama Brayo nilikifanya.

Kaka alifika siku ya pili yake, njia zilipoanza kufunguka, akiwa na ndevu za siku tano na viatu vya mtu mwingine. Yeye na Mzee Ekai walimpeleka msichana kuzikwa, katika kijisanduku ambacho kaka alikitengeneza kwa vipande vilivyobaki uvunguni. Hakupewa jina. Mvulana aliitwa Wafula kwa ajili ya mvua, ingawa kwetu pacha wana majina yao na watu wazima wa nyumbani waliyataka. Nelima alikataa. Alisema hataki mwanawe aitwe kwa jina linalouliza mwingine yuko wapi. Miezi iliyofuata maisha yalirudi kwenye ploti kama watu wanavyorudi kwenye viti vyao baada ya umeme kukatika. Mama Brayo alirudi, akalichukua jiko lake, akanikumbatia. Kaka alileta viberiti akaviweka kila mahali, juu ya kabati, chini ya mto, ndani ya viatu. Toni alirudi na mkokoteni. "Sasa, Jeri," akasema siku ya kwanza, hajanitazama, na mimi nikasema, "Poa," nikamwambia mitungi miwili. Hakuuliza mtoto aliendeleaje. Sikumwambia. Kila asubuhi ya mwaka ule aliniletea maji, nami kila asubuhi nilitafuta chuki ya kumtosha na sikuipata, kwa sababu nilikuwa nimeziona zile nyumba zilizochomwa.

Kicheko cha Nelima ndicho hakikurudi kama kilivyokuwa. Tulipika pamoja, tukamwogesha Wafula pamoja, tukakaa miguu imegusana. Mwishoni mwa mwaka nilipata kazi ya kushona Kawangware, nikafunga nguo zangu. Alinisindikiza hadi mwisho wa ploti, Wafula mgongoni, mnene, anakula ncha ya leso. Nilitaka aseme kitu na niliogopa asiseme.

"Jerida," akasema, "mimi sikulaumu."

"Asante."

"Lakini siwezi kukudanganya kwamba sijawahi kufikiria. Kwamba ungekaa naye tu. Huo moto ungeachana nao."

"Hata mimi hufikiria."

"Najua," akasema. "Ndiyo maana nakuambia."

Hatukulizungumza tena hadi alipokufa, na tuliishi kama ndugu wanaopendana, tukikutana kwenye harusi na matanga, tukipigiana simu Krismasi. Nadhani maneno yale ndiyo yaliyotuwezesha. Mtu akishakuambia baya lake lote, unaweza kukaa naye mezani.

Wafula alinisikiliza mpaka mwisho. Nje watoto wa ploti walikuwa wanatoka shule. Aliniuliza kama walifanana, nikamwambia walikuwa wadogo mno kufanana na mtu, ila nyusi hizo ulizo nazo, alikuwa nazo. Akazigusa.

"Na aliishi siku tatu."

"Siku tatu."

"Zote kwako?"

"Zote kifuani kwangu," nikasema, "isipokuwa ule mchana wa mwisho. Huo mchana ndio nilimwacha. Nilimweka chini nikaenda kuhangaika na kijiti."

Alikaa anafikiri, mikono katikati ya magoti, kama kaka yangu alivyokuwa akikaa akipima mbao kwa macho.

"Lakini hukumweka chini, senge," akasema. "Si umesema ulimweka na mimi?"

Nilikuwa nimeirudia saa ile mara nyingi kuliko saa nyingine yoyote ya maisha yangu, na kila mara nilikuwa pale nje kwenye kizingiti, nasugua. Sikuwahi hata mara moja kuwa ndani, chini ya yale manguo, walipokuwa wawili.